Kimya cha Pampu ya Jua

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ina injini yake bondeni, na kwamba akina mama wote hupika kwa kuisikiliza.

Sisi tunakaa kwenye mteremko kati ya Njoro na Elburgon, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau na kulala juu ya mashamba ya ngano mpaka jua liufukuze. Nyumba iko juu. Shamba la mboga liko chini yake, na chini kabisa, penye mzeituni mwitu wa zamani, kuna chemchemi. Maji yake hutoka katikati ya mawe, hutulia kwenye kidimbwi kipana kama uwanja wetu, kisha huteremka kwa majirani. Kando ya kidimbwi hicho baba aliweka injini ya dizeli kabla sijazaliwa. Ilipandisha maji hadi kwenye tangi lililo nyuma ya jikoni, na kutoka hapo maji yalirudi shambani kwa mipira, yakiteremka yenyewe.

Ilikuwa injini ya kuwashwa kwa hendeli. Baba aliizungusha kwa mikono miwili. Kwanza ilikohoa, halafu ikatema moshi mweusi, halafu ikashika na bonde zima likajaa mlio wake. Mama akiwa jikoni, aliposikia imeshika, mabega yake yalishuka kidogo. Ilipozimwa, aliteleka sufuria ya maji ya ugali, kwa sababu alijua baba atafika juu maji yakianza kuchemka. Sikumbuki hata siku moja wakiulizana saa ya chakula. Injini ndiyo iliyosema.

Ilikuwa na harufu yake pia. Baba alinuka dizeli kwenye koti, kwenye nywele, hata kwenye Biblia aliyokwenda nayo kanisani. Mama alilifua koti lile peke yake na kulianika mbali na nguo zetu. Kule chini, udongo ulioizunguka injini ulikuwa mweusi na mgumu, haukumea hata nyasi. Mvua ikinyesha, juu ya maji ulitanda utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Mimi niliona ni pambo. Niliuvuruga kwa kijiti nitazame rangi zikikimbizana. Ng'ombe hawakuona pambo lolote. Walinusa, wakarudi nyuma, wakapanda kunywa pale pale maji yanapotoka kwenye mawe.

Na ule mlio ulikuwa unayala masikio ya baba polepole. Tulizoea kuongea naye kwa sauti ya juu. Tulidhani ndivyo akina baba walivyo.

Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani, nikisaidia kukamua na kupalilia. Ilikuwa ni wakati wa kiangazi, mama na mimi tunapukuchua maharagwe uani, injini inanguruma kama kila siku. Mama akasimamisha mikono.

"Sikiliza," akaniambia.

Nilisikiliza. Sikusikia kitu, ni injini tu.

"Inameza upepo. Baba yako hawezi kuiacha imeze upepo."

Mdomo wa bomba la kuvuta maji ulizoea kuzibwa na majani ya mzeituni, injini ikavuta hewa, na kila mara baba aliyaondoa kwa reki kabla mlio haujabadilika. Mama aliinuka na maharagwe yakamwagika kutoka mapajani mwake. Tulimkuta baba amelala kando ya injini, uso kwenye ule udongo mweusi, kitambaa cha kufutia mafuta bado kiko mkononi, na injini inaendelea kulia juu yake kama mtoto aliyesahauliwa. Jirani alitupeleka Nakuru kwa pikapu yake. Hospitalini wakasema ni presha, na kwamba angechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Mama hakumweleza mtu kwamba ni masikio yake yaliyomwokoa baba. Lakini tangu siku hiyo, akipita karibu na injini ile aliyoichukia kwa moshi wake, aliipapasa mara moja, kama mtu anavyompapasa ng'ombe mzee.

Daktari alimkataza baba kuzungusha hendeli. Baba akasema atanifundisha mimi. Nilijaribu. Hendeli ilinirudia na kunipiga kwenye kiganja, nikakaa wiki nzima nikikamua kwa mkono mmoja. Ndipo tukauza mtamba wetu tukanunua pampu ya jua.

Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa kijana wa Free Area, kule Nakuru, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma na maneno mengi ya kuchangamsha watu. Aliziweka paneli kwenye fremu ya chuma kando ya kidimbwi, akazielekeza juu kwenye jua, akajifuta jasho.

"Hii kitu, mathe, haina moshi, haina mafuta, haina kelele. Unawasha unaenda zako."

"Haina kelele hata kidogo?" mama akauliza.

"Hata kidogo. Utasahau iko."

Mama alimtazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Fundi hakuona. Alikuwa ameinua macho kwenye mzeituni.

"Sasa shida ni huyu. Saa nane kivuli yake itafika hapa ikule paneli yote. Huyu tukate."

"Anasema nini?" baba akaniuliza.

Mimi si mtu wa kupaza sauti mbele ya wageni. Nilimwonyesha tu kwa mkono, nikikata hewa.

Baba alicheka. "Mwambieni hiyo chemchemi inajificha jua chini ya huo mti. Tukiukata atapampu nini, mawe?"

"Na vibuyu vyangu vya maziwa nitavifukiza na nini?" mama akaongeza. Yeye hutumia kijinga cha mzeituni huo kusugulia vibuyu ndani, na maziwa hupata ladha ambayo ukiwa mbali na nyumbani ndiyo unayoikumbuka kwanza.

"Sawa mzee, mti ni yako," fundi akasema. "Lakini ikifika saa nane pampu ilale, usinipigie simu eti nimekuuzia mbovu."

Basi tukaacha hivyo. Jua la asubuhi na la mchana likawa la paneli, la jioni tukauachia mti.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa mama. Baba alishuka bondeni, na baada ya hapo hakukuwa na chochote. Ungesikia malori ya mbao yakipanda kule barabarani, ungesikia kuku, lakini bonde lenyewe lilikuwa limefunga mdomo. Mama alianza kunituma.

"Nenda uone kama baba yako anataka chai."

Alikuwa ameshakunywa.

"Mpelekee kofia yake, jua ni kali."

Alikuwa ameivaa.

"Muulize kama ameona jembe dogo."

Jembe dogo lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni, nyuma ya mama mwenyewe. Baba akasema, "Mwambie mama yako sijakufa bado."

Nilipanda juu nikamwambia mama kwamba baba anashukuru.

Nadhani ni yeye mwenyewe aliyegundua tangi. Siku moja nilimkuta amehamisha kigoda chake kutoka mlangoni, amekaa nyuma ya jikoni akichambua mboga, mgongo umeegemea tangi. Maji yalikuwa yanaingia. Tangi likiwa tupu, maji yanayoanguka ndani yake hulia kama makofi ya mtu mmoja. Likianza kujaa sauti inakuwa nene, inashuka. Mama alikuwa ameshajifunza yote hayo. Wingu likipita, maji yalikonda yakawa kama uzi, naye aliinua uso, akaliona wingu, akaendelea na kazi. Saa nane kivuli cha mzeituni kilipofika kwenye paneli, maji yalikoma, naye akateleka birika. Alikuwa amepata injini yake tena, na hii haikunuka.

Baba hakujua. Yeye alidhani mama amependa kivuli cha nyuma ya jikoni.

Tuliizoea ile pampu, na tabia zake tukazijua. Mwezi wa saba ukungu ukikataa kuondoka ililala mpaka karibu adhuhuri, lakini wakati huo shamba lenyewe lina unyevu, halina haja. Kiangazi kikija, jua lile lile linalokunja majani ya kabichi ndilo lililovuta maji ya kuyakunjua. Baba alilipenda sana jambo hilo. Alisimama na mpira mkononi akalitazama jua kwa jicho moja, kama watu wawili waliofanyiana mzaha. Ile injini alikataa kuiuza. Aliifunika gunia akasema mzee mwenzake amestaafu.

Mvua za masika zilikuja, utando wa rangi haukuonekana tena juu ya maji. Jioni moja mama alikuwa akisonga ugali, akasimama na mwiko hewani.

"Vyura," akasema.

Nilitoka mlangoni. Kutoka bondeni sauti zilikuwa zinapanda, moja nzito, nyingine nyembamba nyingi zikiijibu. Sikuwahi kuzisikia nyumbani kwetu. Mama alisema alipoolewa kuja hapa aliwakuta, halafu injini ikaletwa, na hakumbuki ni lini walinyamaza.

Baba alikuwa mezani akitusubiri. "Nini?"

"Vyura wamerudi," mama akamwambia kwa sauti kubwa.

"Wanalia?"

"Wanalia sana."

"Wengi?"

"Wengi."

Baba aliinuka akaenda kusimama uani, kiganja nyuma ya sikio. Alisimama pale mpaka ugali ukapoa. Aliporudi alinawa mikono, akakaa, akasema, "Labda kesho watalia zaidi."

Alichoshindwa kukisikia akaenda kukitazama. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu alichutama ukingoni mwa kidimbwi. Siku moja aliniita akanionyesha mayai yao, yamelala kwenye maji karibu na ukingo kama nyama ya tunda la pasheni, mbegu nyeusi kila moja ndani ya utelezi wake. Baadaye mayai yakawa viluwiluwi. Baba aliongea juu ya viluwiluwi mezani kama watu wengine wanavyoongea juu ya mpira. Mama alijifanya amechoka kusikia, lakini akiniona peke yangu aliniuliza, "Wameota miguu?"

Sasa nieleze jambo ambalo fundi hakutuambia, pengine kwa sababu naye hakulijua. Dizeli ilitufanya tuwe wachoyo. Baba aliiwasha injini akiwa na sababu, akaizima sababu ikiisha. Lakini jua halikumwuliza mtu kitu. Liliwaka, pampu ikavuta. Baba alifungua kipande cha pili cha kabichi, akaongeza karoti, akaongeza vitunguu. Mpira wa hori la ng'ombe uliachwa ukitiririka mpaka pakawa na tope la kuchezea bata. Tangi lilijaa likafurika na hakuna aliyekimbia kulifunga. Kiangazi kilichofuata, kidimbwi kilianza kurudi nyuma kutoka kwenye kingo zake. Kwanza kiliacha mstari wa tope, halafu ukanda, halafu mahali pa kusimama mtu. Zamani tungeona moshi tukajua kuna kitu kinatumika. Sasa maji yalikwenda kimya kimya.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kiangazi hicho. Asubuhi, saa nne hivi, mama amekaa kwenye kigoda chake akikata sukuma wiki, mimi nafua kando yake. Maji yanaanguka ndani ya tangi vizuri, sauti nene. Yakakoma.

Hayakukonda kwanza kama wakati wa wingu. Yalikoma tu.

Mama aliinua uso. Na mimi niliinua. Mbingu ilikuwa safi, imepanguswa kila upande, hata juu ya Mau hapakuwa na wingu. Kivuli cha mzeituni wakati huo kilikuwa upande wa pili kabisa wa mti. Mama aliweka kisu juu ya mboga taratibu, kama anaogopa kukiamsha. Halafu akakimbia.

Nilimfuata. Ndara zake zilibaki kwenye njia, moja hapa, nyingine pale. Tulipofika kwenye ukingo wa kabichi tukamwona. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, kichwa kuelekea majini, mkono mmoja umenyooka mbele. Kofia yake ilikuwa imening'inia kwenye fremu ya paneli.

Mama alimwita. "Mzee. Mzee." Alimwita tena na tena akiwa anashuka, na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa hivyo. Baba hakugeuka. Mimi pia nilimwita, nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu kupiga kelele namna ile, na hakugeuka.

Mama aliingia kwenye tope mpaka vifundoni, akamshika bega.

Baba aligutuka. Alituangalia, mimi na mama, kidevu chake kimejaa tope, kikombe cha bati kikiwa mkononi.

"Polepole," akasema. "Utawakanyaga."

Kwenye ule ukanda uliokauka ng'ombe walikuwa wamepita, na kila wayo ulikuwa umebaki shimo lenye maji kidogo. Ndani ya mashimo viluwiluwi walikuwa wamejaa, wanajigeuza tumbo juu, maji yanawaishia. Baba alikuwa amezima pampu ili kidimbwi kisirudi nyuma zaidi, akalala ili mkono wake uyafikie mashimo ya mbali bila kuyakanyaga ya karibu. Alikuwa anawateka kwa kikombe na kuwarudisha.

Mama alikaa chini, pale pale kwenye tope, bila kujali sketi yake. Alitweta. Kisha akampiga baba begani kwa kiganja chenye tope, si kwa nguvu.

"Wewe mzee, unataka kunizika?"

"Nini?"

"Nasema unataka kunizika."

"Sijasikia."

Mama alimvuta, akainama kwenye sikio lake la kushoto, lile lenye nafuu, akaongea. Aliongea kwa muda. Mimi nilitazama pembeni. Nilipogeuka, baba alikuwa anaangalia juu nyumbani, kwenye tangi, halafu akaangalia mbinguni, halafu akamtazama mama.

"Sikujua huwa unasikiliza," akasema.

"Miaka yote hiyo," mama akamwambia, sasa kwa sauti ya sisi wote, "ulidhani ugali unajiteleka wenyewe?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama alijaribu kukasirika na hakuweza. Akamnyang'anya kikombe. "Haya, songa. Wewe mikono yako inatetemeka, unawamwaga." Tuliwahamisha mpaka mashimo yote yakabaki tope tupu, mama kwa kikombe, baba kwa kofia yake, mimi kwa viganja. Wanatekenya. Ni baridi kama kamasi, na wepesi wao unakufanya ushike pumzi.

Tangu siku hiyo kuna jiwe kidimbwini lenye doa jeupe la rangi alilolipaka baba. Maji yakishuka yakalifikia, pampu inazimwa, hata kama jua linawaka na kabichi zimeinamisha vichwa. Kipande cha pili baba alikiacha kirudi nyasi, ng'ombe wakashukuru. Na tulichimba ule udongo mweusi uliokuwa chini ya injini, tukaujaza kwenye magunia, halafu hakuna aliyejua pa kuupeleka. Uko nyuma ya choo mpaka leo. Kisanduku cha kwanza cha umeme wa pampu kilipoungua, fundi alituletea kingine lakini kile cha zamani hakukitaka, akasema hata yeye hajui hutupwa wapi. Baba alikibeba akakiweka juu ya magunia hayo hayo. Nikipita pale huwa naona vimeketi pamoja, cha dizeli na cha jua, kama wageni ambao hakuna aliyewaalika na hakuna awezaye kuwafukuza.

Lakini jioni vyura wanalia. Baba huniuliza mimi sasa, kwa sababu anasema mama humdanganya kwa kuongeza. "Wanasema nini leo?" Namwambia wanasema ale alale.

Na asubuhi, maji yakishuka mpaka kwenye jiwe, huko juu sauti ndani ya tangi hukoma mbingu ikiwa nyeupe. Mama anajua sababu. Anaijua vizuri kama mimi. Hata hivyo huweka chini kilicho mkononi, huenda mpaka mwisho wa uwanja mahali unapoanza mteremko, na husimama. Kule chini, baba huwa tayari amegeuka kuangalia juu. Huvua kofia yake, huiinua, huishikilia hewani mpaka ahakikishe ameonekana.

Ndipo mama anarudi jikoni na kuteleka maji ya ugali.